Gurudumu la trimu kwenye simuleta ya nyumbani: mhimili au vitufe, na kwa nini Cessna 172 haitulii?

#1 BugolobiHewani
Salaam wanajukwaa. Natumia X-Plane 12 kwenye kompyuta ya mezani hapa Kampala, na ndege ninayoirusha zaidi ni Cessna 172. Gurudumu la trimu, lile la kuipanga ndege iruke bila kushikiliwa kwa mkono, nimelitengeneza mwenyewe kwa potenshiometa moja (kipande cha umeme kinachopima mzunguko wa shafti) na bodi ndogo ya kompyuta ya Arduino Leonardo, nikaliunganisha kwenye programu kama mhimili, yaani nafasi ya gurudumu inasomwa moja kwa moja kuwa nafasi ya trimu ya elevata, kile kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua. Joistiki ni ya kawaida, ile yenye springi inayoirudisha katikati. Tatizo ni kwamba nikiondoka Entebbe kuelekea Jinja na kujaribu kutulia kwenye futi 8,500, ndege haikubali. Nikigusa gurudumu kidogo pua inainuka, nikilirudisha inazama, na hata nikiliacha ndege huendelea kupanda na kushuka taratibu kwa muda mrefu. Dai langu ni kwamba waundaji wa simuleta wameiweka trimu kali kuliko ilivyo kwenye ndege halisi, na hakuna gurudumu la nyumbani litakaloweza kulitibu hilo. Anayeona vinginevyo anieleze kwa sababu.

#2 RubaniSoroti
Ndugu yangu, dai lako nalipinga. Mimi nilifunzwa kurusha ndege Soroti, na jambo la kwanza tulilokatazwa ni kuiendesha ndege kwa trimu. Kazi ya trimu ni kuuondolea mkono mzigo, basi. Kwenye Cessna halisi unavuta usukani mpaka pua ikae unapotaka, unaushikilia hapo, kisha unazungusha gurudumu mpaka uhisi usukani hauvuti tena. Mkono haukusogea, kilichoondoka ni uzito tu. Joistiki yenye springi haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu springi yake haina habari za trimu: daima inataka katikati. Kwa hiyo nyumbani inakubidi uzungushe gurudumu huku ukiiachia joistiki irudi katikati kwa mwendo uleule, na wakati wote huo pua isisogee hata kidogo. Ukiiachia joistiki kwanza halafu ukaanza kuitafuta pua kwa gurudumu, utahangaika mpaka mafuta yaishe.

Unapomaliza kupanda, utaratibu ni pua, nguvu, trimu, kwa mpangilio huo. Shusha pua, subiri mwendo uongezeke, punguza nguvu ya injini, na trimu iwe ya mwisho. Anayetrimu kabla mwendo haujatulia atatrimu tena na tena.

#3 FundiKatwe
Aliyosema RubaniSoroti ni ya kweli, lakini kuna hesabu ambayo mkono hauwezi kuishinda. Potenshiometa ya kawaida huzunguka takriban nyuzi 270 tu kutoka mwisho hadi mwisho. Ukiifunga moja kwa moja kwenye gurudumu, safari yote ya trimu, kutoka pua chini kabisa hadi pua juu kabisa, inatoshea katika robo tatu ya mzunguko. Mkono ukisogea nyuzi 10 tayari umetumia sehemu moja ya 27 ya trimu yote. Gurudumu la Cessna halisi huzungushwa mara kadhaa kuimaliza safari hiyohiyo. Weka potenshiometa ya mizunguko 10, yaani nyuzi 3,600, na zile nyuzi 10 za mkono zitakuwa sehemu moja ya 360. Ukali unaoulalamikia hauko kwenye simuleta, uko kwenye shafti.

Swali la pili: potenshiometa yako imeandikwa A au B? Kwa kawaida zenye herufi A zimetengenezwa kwa ajili ya kupandisha na kushusha sauti ya redio, nazo hazigawi safari yao sawasawa: upande mmoja hulala na upande mwingine huruka. Kwa trimu inatakiwa B.

#4 DadaNtinda
Nawashukuru, lakini naona wote wawili mnazungumzia pua na gurudumu, na hakuna aliyegusa jambo zito zaidi katika maelezo ya mleta uzi, kwamba ndege hupanda na kushuka taratibu hata akiliacha gurudumu. Hilo si la kifaa wala la mkono. Ndege iliyotrimiwa haishiki kimo, inashika mwendo. Ukiitrimu kwa noti 100 (maili 100 za baharini kwa saa), na wakati unaachia joistiki mwendo ukawa 105, pua itapanda, mwendo utapungua hadi chini ya 100, pua itashuka, mwendo utazidi tena, na itaendelea hivyo, kila wimbi likiwa dogo kuliko lililotangulia. Mwingereza Frederick Lanchester aliyaeleza mawimbi haya katika kitabu chake cha mwaka 1908, wakati ndege zenyewe zilikuwa changa. Kwenye ndege ndogo kama 172 wimbi moja huchukua kati ya sekunde 20 na 30 hivi. Anayelifukuza kwa gurudumu hulikuza, kwa sababu kila sahihisho lake hufika wakati ndege imekwisha kuanza kurudi yenyewe. Likianza, shika joistiki, rudisha pua mahali pake, subiri mwendo utulie, ndipo uguse trimu, tena kwa kiasi kidogo sana.

Ndiyo maana pia ukiongeza nguvu ya injini bila kugusa trimu, ndege hupanda badala ya kwenda kasi zaidi. Simuleta inayoonyesha hayo inasema kweli.

#5 MwalimuGulu
Hoja yangu ni tofauti na zote tatu. Shida ilianza pale ulipochagua mhimili. Potenshiometa huiambia programu «trimu iko hapa», si «ongeza kidogo» wala «punguza kidogo». Sasa fikirini kinachotokea otopailoti, mtambo wa kuirusha ndege yenyewe, ikiwaka. Otopailoti nyingi za Cessna, kwa mfano KAP 140, hutrimu zenyewe kwa mota, kwa hiyo wakati wa kuizima trimu ya ndege iko mahali pengine kabisa na gurudumu lako limebaki pale ulipoliacha Entebbe. Ukiligusa tu, programu inasoma nafasi ya gurudumu na kuirusha trimu huko kwa mara moja. Hayo hayatokei kwenye ndege halisi, kwa sababu gurudumu la ndege huzunguka pamoja na trimu.

Dawa ni enkoda ya kuzunguka. Haina mwanzo wala mwisho, na kila mlio wake hutuma kitufe kimoja cha trimu juu au trimu chini. Popote otopailoti ilipoiacha trimu, wewe unaendelea kuanzia hapo.

#6 KijanaArua
Mwalimu, kwa heshima yako, enkoda ina ugonjwa wake. Kompyuta zetu wengi ni za mitumba na picha zikizidi uzito programu hushuka hadi fremu (picha) 20 kwa sekunde, yaani fremu moja kila milisekunde 50. Programu huangalia vitufe mara moja katika kila fremu. Kitufe kikibonyezwa na kuachiwa ndani ya milisekunde 10, kuna uwezekano mkubwa kisionekane kabisa. Nilipozungusha enkoda yangu haraka, trimu ilisogea kidogo kuliko nilipoizungusha polepole. Ukiandika programu ya bodi ili kila mpigo ushikiliwe milisekunde 60 na mingine isubiri foleni, hakuna unaopotea, lakini gurudumu likishasimama trimu huendelea kutembea mpaka foleni iishe, na rubani huwa ameshapitiliza. Mhimili hauna foleni.

#7 AfandeMstaafu
Kabla hamjaenda mbali: kutoka Entebbe kwenda Jinja unaelekea upande wa mashariki, na kwa anayeruka kwa kuona kimo kinachofaa ni futi 7,500 au 9,500. Futi 8,500 ni za wanaorudi magharibi. Kijana wa Bugolobi, labda ndege imekataa kutulia huko kwa sababu inajua sheria.

Sasa mada. Fungua ukurasa wa joistiki ndani ya X-Plane na uangalie mambo mawili. La kwanza ni kama kuna mhimili mwingine, kwa mfano ule mkono mdogo ulio chini ya joistiki, ambao umepewa kazi ya trimu bila wewe kujua. Vifaa viwili vikigombania trimu moja, kila kimoja kikitikisika kidogo, ndege haitatulia hata ikiwa na rubani bora. La pili ni ile mistari ya kuongeza uthabiti wa ndege. Ikiwa imesogezwa kutoka sifuri, programu inaingilia elevata kwa niaba yako, na wewe hutajua kinachofanywa na trimu na kinachofanywa na programu. Irudishe sifuri ndipo uzungumze kuhusu trimu. Wanaotumia Microsoft Flight Simulator ya 2020 nao waangalie kama msaada wa kutrimu wenyewe umewashwa.

#8 MzeeJinja
Vijana, mmesahau injini. Entebbe iko futi 1,153 juu ya usawa wa bahari, na kwenye 8,500 hewa ni nyepesi. Asiyepunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa, injini yake hupoteza nguvu, mwendo hushuka polepole, na kwa maelezo ya DadaNtinda trimu inayoshika mwendo itashusha pua. Huyu anadhani trimu inamkimbia, kumbe ni injini.

#9 AfandeMstaafu
Mzee, hizo 1,153 ni mita. Kwa futi ni 3,782. Lakini sahihisho hilo linaipa nguvu hoja yako, maana kitabu cha Cessna 172S kinaagiza kupunguza mafuta hata kabla ya kuruka ikiwa uwanja uko juu ya futi 3,000. Kwa hiyo kwetu kazi hiyo huanza ardhini, Entebbe, Kajjansi, Soroti au Gulu.

#10 BugolobiHewani
Asanteni. Nimefungua kifaa: potenshiometa ni B10K, na ni ya mzunguko mmoja. Mstari wa uthabiti uko sifuri, na hakuna mhimili mwingine wenye kazi ya trimu. Mafuta huwa napunguza nikishafika juu. Nimejaribu pia kuiachia joistiki taratibu kama alivyoeleza RubaniSoroti, na hali ni bora kwa kiasi, lakini mkono bado unakosa kipimo: sehemu ninayoitaka iko kati ya mguso mmoja na mwingine. Vilevile nikitazama namba ya trimu kwenye skrini, wakati mwingine inachezacheza hata nisipogusa kitu.

#11 FundiKatwe
Hiyo ya kuchezacheza ni kelele ya umeme. Leonardo husoma potenshiometa kwa hatua 1,024 tu, na waya mrefu usiofunikwa huokota kelele ya kutosha kuisogeza namba hatua mbili tatu. Lehemu kapasita ya nanofaradi 100 kati ya waya wa kati wa potenshiometa na waya wa chini (GND), kisha katika programu ya bodi soma mara 16 na kutoa wastani. Ukitaka hatua nyingi zaidi kuna bodi ndogo ya ADS1115 yenye biti 16.

Kuhusu mzunguko mmoja, kama potenshiometa ya mizunguko 10 haipatikani, tumia gia. Printa mbovu zimejaa gia nzuri za plastiki. Gia ndogo yenye meno 12 kwenye shafti ya gurudumu, ikiendesha kubwa yenye meno 60 kwenye potenshiometa, hukupa mizunguko mitano ya gurudumu kwa mmoja wa potenshiometa. Shida yake ni ulegevu kati ya meno: ukigeuza upande, kuna nafasi kidogo ambapo gurudumu linasogea na potenshiometa imesimama. Springi nyepesi inayoisukuma potenshiometa upande mmoja huondoa hilo.

#12 RubaniSoroti
Fundi, kazi nzuri, na sina neno na gia zako. Lakini angalieni alichosema mwenyewe katika #10, kwamba hali imekuwa bora bila kubadilisha hata waya mmoja. Kwenye 172 kibawa cha trimu kiko kwenye elevata ya kulia peke yake, ni kidogo, na kinaendeshwa kwa nyaya na mnyororo. Hakuna aliyewahi kukisifu kwa usahihi, na bado wanafunzi hutulia.

#13 MpenziWaAirbus
Naomba niulize hapahapa. Nimepakua A330 kwa sababu ya zile A330-800 mbili za Uganda Airlines. Nimelipa gurudumu langu kazi ya trimu, lakini nikilisogeza angani hakuna kinachobadilika, au kinabadilika kisha kinarudi. Je, nina tatizo kama la mleta uzi?

#14 MhandisiMbarara
Hapana, ndege yako inafanya inavyotakiwa. Airbus ya aina hiyo ikiwa katika hali yake ya kawaida hujitrimu yenyewe angani: unavuta fimbo ya pembeni, ndege inashika njia uliyoiomba, nayo kompyuta inasogeza kidhibiti kizima cha mkia ili elevata ibaki huru. Rubani huweka trimu kwa mkono kabla ya kuruka, kulingana na mahali uzito wa mizigo na abiria ulipoangukia, na baada ya hapo kwa kawaida haishughulikii. Iondoe kazi hiyo kwenye gurudumu, au uitumie ardhini tu.

Hii inanipeleka kwenye hoja ya MwalimuGulu. Ndege kubwa hazisogezi kibawa kidogo. Husogeza mkia mzima wa ulalo kwa mota. Kwenye Boeing 737 rubani hutrimu kwa swichi ya kidole gumba kwenye usukani, na mkia husogea kwa kasi ya mota, haraka zaidi flapu (vibawa vya nyuma ya mbawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa nje. CRJ900, ambazo Uganda Airlines ilianza nazo mwaka 2019, hazina hata gurudumu; ni swichi tu. Kwa ndege hizi mhimili ni uongo mtupu, kwa sababu hakuna mkono unaoweza kuuruka mwendo wa mota. Vitufe viwili kwenye joistiki vinatosha na ndivyo vilivyo sahihi. Na nguvu ya trimu ya namna hii si ya mchezo. Ajali ya Lion Air ya Oktoba 2018 na ile ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi mnamo 10 Machi 2019 zilihusu mfumo wa 737 MAX uliokuwa ukisukuma mkia kushusha pua kwa taarifa potofu za kihisio. Tunaojifunza trimu nyumbani tunajifunza kitu chenye uzito.

#15 DadaNtinda
Nakuunga mkono kwa hilo la mwisho, na kwenye Cessna pia lipo. Ukitua ukiwa umetrimu pua juu kwa mwendo wa noti 65, flapu zote nje, halafu ukaamua kuondoka tena na kusukuma nguvu yote, pua itainuka kwa nguvu mpaka inabidi uisukume usukani kwa mkono imara huku ukizungusha gurudumu mbele. Kwenye joistiki laini ya nyumbani uzito huo hauhisiki, na mtu anaweza kufika kwenye mwendo mdogo ambao mbawa haziwezi tena kuibeba ndege, bila onyo mkononi. Ndiyo maana sipendi tunaposema trimu ni kuondoa uzito tu. Sisi wa nyumbani uzito hatunao. Tuna nafasi ya joistiki tu, na inabidi macho yafanye kazi ya mkono.

#16 MzeeJinja
Basi jibu liko kwenye joistiki zenye mota. Microsoft SideWinder Force Feedback 2 ya zamani ilifanya hivyo, na siku hizi ziko MOZA AB9 na VPforce Rhino. Trimu ikibadilika, katikati ya joistiki inahama, na unaiacha palepale ulipoishika. Mjadala wa #2 unaisha.

#17 KijanaArua
Unaisha kwa wenye uwezo, mzee wangu. Ukijumlisha bei, usafiri na ushuru, fedha hizo zinanunua kompyuta nzuri, nayo ingetibu ugonjwa wangu wa fremu.

#18 AfandeMstaafu
Wanaorusha helikopta wana njia ya kati. Katika DCS, simuleta ya ndege za kivita, kwa helikopta ya Mi-8, unabonyeza kitufe cha trimu, na programu inaweza kuwekwa isikubali amri mpya mpaka joistiki yenye springi irudi katikati. Tabia hiyo ikiletwa kwenye ndege za mabawa, wa #1 angeacha kuiwinda pua.

#19 MwalimuGulu
Kwa ndege ya mabawa hiyo ingekuwa kuficha tatizo, afande. Nami bado nasimama na enkoda. Hata waundaji wa vifaa hawajakubaliana: gurudumu la Honeycomb Bravo hutuma mapigo ya vitufe, na lile la Saitek la mfano wa Cessna hutuma mhimili, na kila upande una wateja wanaonung'unika, wa kwanza kwamba linazungushwa sana na wa pili kwamba linaruka baada ya otopailoti. Kwangu mimi kuzungusha sana ni ubora, kwa kuwa ndivyo ilivyo ndani ya ndege.

#20 RubaniSoroti
Napendekeza jaribio. Mleta uzi achomoe gurudumu lake kabisa, atrimu kwa vitufe vya kibodi, aweke injini kwenye mizunguko 2,300, na atulie kwenye 7,500 kwa utaratibu wa pua, nguvu, trimu. Akitulia, tutajua gurudumu lina sehemu yake. Asipotulia, tutajua ni mkono.

#21 FundiKatwe
Jaribio hilo halitatenganisha kitu, kwa sababu kitufe husogeza trimu kwa hatua ndogo zisizo na kelele, na mwenye mkono mbovu atatulia pia. Lililo la haki ni kuacha gurudumu limechomekwa, kuwasha safu ya trimu kwenye Data Output ya X-Plane, kuituliza ndege kwa joistiki, kisha kuachia vyote na kutazama namba. Namba ikichezacheza huku ndege ikipanda na kushuka, kelele ya potenshiometa ndiyo inayoichokoza, na kapasita iwekwe kabla ya jambo jingine lolote. Namba ikisimama kimya na mawimbi ya sekunde 20 na kitu yakiendelea, basi DadaNtinda alisema kweli tangu #4, nami nitabaki na hoja ya nyuzi 270 peke yake, ambayo hakuna aliyeijibu.

#22 DadaNtinda
Na ikichezacheza huku mawimbi nayo yana sekunde 20 na kitu?

#23 FundiKatwe
Hapo, dada, atalehemu kapasita kwanza, na tutaendelea na uzi huu.